Boksi la Fundi Aliko

Fundi Aliko Kibona alikuwa amelala kifudifudi katikati ya mabenchi, mkono mmoja umebanwa chini ya kifua, kama mtu aliyejikwaa akaamua kutoinuka. Damu ilikuwa imetoka kisogoni ikazama kwenye vumbi la sakafu. Nje, malori yaliyokuwa yakisubiri kuvuka kwenda Zambia yalinguruma kama siku zote. Ndani ya kibanda umiza kile cha kuonyeshea mechi hakuna aliyethubutu kukohoa.

Inspekta Fides Siwale aliinama, akagusa shingo ya marehemu kwa vidole viwili, ingawa alishajua. Kisha akamgeukia mtu aliyekaa peke yake kwenye benchi la mbele, macho yake kwenye televisheni isiyo na picha.

"Wewe ni nani?"

"Luka Simbeye. Kibanda hiki ni changu."

"Nini kimetokea?"

"Nimempiga." Alielekeza kidole kwenye kipande cha bomba la kusimikia dishi kilichokuwa miguuni pake. "Kwa hilo. Mara moja tu. Sikimbii, Afande. Nifungeni."

Sajini Yesaya alitoa pingu. Luka alinyoosha mikono kabla hajaambiwa. Alikuwa mtu mpana, mwenye mikono ya mbeba magunia.

Karibu na bega la marehemu kulikuwa na boksi la plastiki, kubwa kidogo kuliko kiberiti cha jikoni. Lilikuwa na skrini ya mistari miwili, vitufe vinne na kipande cha waya wa dishi kimechomoza ubavuni. Skrini ilikuwa bado inawaka.

"Hiki nini?" Fides aliuliza.

Luka hakutaka hata kukitazama. "Ndicho kilichonimaliza. Boksi lake la kupimia swichi. Amelitengeneza mwenyewe."

Fides alivaa glavu, akalichukua boksi, akalitia kwenye mfuko wa vielelezo. Mpiga picha wa polisi akapiga picha zake. Machela ikaletwa. Wakati wanautoa mwili, kikongwe mmoja mwenye bandeji mkononi alisimama mlangoni na kusema kwa Kinamwanga maneno ambayo Fides aliyaelewa, maana ndiyo lugha aliyozaliwa nayo. Alisema, "Mtoto wa watu. Mtoto wa watu masikini."

Alikuwa mama yake Luka.

Kituoni, Luka alitoa maelezo ya onyo bila kusitasita. Kibanda chake kilikuwa na madishi manne juu ya bati. Madishi yote yaliingia kwenye swichi moja, na kutoka kwenye swichi waya mmoja ulishuka hadi kwenye king'amuzi. King'amuzi kikitaka dishi fulani, hutuma ishara kwenye waya, swichi inageuka. Swichi ikifa, picha zimekwisha.

"Swichi yangu ilianza kusumbua, nikamwita Aliko," alisema Luka. "Alikuwa fundi mzuri. Hapandi na televisheni juu ya bati kama wengine. Anapanda na boksi lake, anabonyeza, anakwambia swichi nzima au mbovu. Akabadilisha. Siku mbili, imeungua. Akaja, akapima, akabadilisha tena. Ikaungua mechi ya watani wa jadi ikiwa kipindi cha pili."

"Watu wakafanyaje?"

"Unawajua watu, Afande. Walirusha mabenchi. Walibomoa ukuta wa mbao. Mama yangu huuza chai pale mlangoni. Walimwangukia, mkono ukavunjika."

"Na leo?"

"Leo nimemwita nikamwambia, Aliko, boksi lako ndilo linaunguza swichi. Pima vitu vyako. Akaniambia, 'Kaka Luka, boksi limepimwa, liko sawa. Swichi za siku hizi ndizo mbovu.' Nikaona ananicheka. Bomba lilikuwa pale. Mkono ukaenda."

Fides aliacha kuandika.

"Alisema limepimwa?"

"Ndiyo."

"Alisema nimelipima, au limepimwa?"

Luka alikunja uso. "Limepimwa. Nakumbuka, maana nilitaka kumuuliza limepimwa na nani. Sikuuliza. Laiti ningeuliza."

Mkuu wa kituo alisoma maelezo yale, akarudisha jalada mezani. "Una mwili, una bomba, una mtu aliyekiri. Unatafuta nini tena?"

"Sababu, Afande. Aliko amefunga madishi nusu ya mji huu. Kwa nini ghafla aanze kuunguza swichi?"

"Sababu haitamfufua."

"Najua. Naomba siku chache."

Mkuu wa kituo alimruhusu kwa kuinamisha kichwa.

Nyumbani kwa marehemu, turubai lilikuwa limeshafungwa na wanawake wa kanisani walikuwa wakiimba kwa sauti ya chini. Fides alifika na sare zake kamili, kofia mkononi. Mlangoni kwenye mkeka alikaa mzee mwembamba, koti zito begani, mikono imelala mapajani viganja juu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Inspekta Fides, kutoka kituoni."

"Aa. Karibu msibani." Mzee aligeuza uso upande ilikotoka sauti. "Mimi ni Jairo Nzunda. Huyu kijana nimemlea mimi."

Gloria, mjane, alimpeleka Fides chumba cha ndani. Alikuwa amelia mpaka sauti imekauka, lakini maneno yake yalikuwa yamenyooka.

"Mzee Jairo anasema kweli," alisema. "Aliko alitoka Ileje akiwa amemaliza darasa la saba, hana mtu hapa mjini. Mzee alimpa godoro karakanani na kumfundisha kazi. Harusi yetu, mzee ndiye aliyesimama upande wa baba. Mpaka leo wanakaa karakana moja, meza mbili."

"Na haya maboksi?"

Kwa mara ya kwanza uso wa Gloria ulilainika. "Alikuwa haachi kuyasema. Alinunua chipu ndogo, akawa anaiandikia programu kwa kompyuta ya kuazima. Akafungua betri za simu zilizokufa, akachambua zile zinazofaa. Boksi linaidanganya swichi kwamba lenyewe ni king'amuzi, linaituma dishi la kwanza, la pili, la tatu. La kwanza lilipofanya kazi aliniamsha kunionyesha, nami sikuelewa kitu. Nikapiga makofi tu."

"Aliyauza?"

"Alianza kuwauzia mafundi wenzake. Kisha akaja mfanyabiashara wa Nakonde, akasema twende Kitwe, huko ana duka kubwa, Aliko akae kazi yake iwe kutengeneza maboksi tu."

"Mlikubali?"

"Hatukuwa tumekubali. Alikuwa halali usingizi. Kila siku ananiuliza, nitamwambiaje mzee?"

"Kwa hiyo mzee hakujua."

"Hapana. Tulikuwa watatu tu tuliojua. Sisi wawili, na fundi Hezron wa pale stendi, maana yule mtu wa Nakonde alianzia kwake."

Fides aliandika jina la Hezron. Aliomba ufunguo wa karakana, akaondoka na maboksi mengine mawili aliyoyakuta kwenye meza ya Aliko.

Asubuhi iliyofuata alikuwa Vwawa, kwenye chumba cha mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi aliyeitwa Eva Msyani. Mwalimu Eva aliunganisha boksi la kwanza, lile lililokutwa kibandani, kwenye mita yake ya kupimia umeme. Akabonyeza kitufe. Akatazama mita, akatazama skrini ya boksi, akabonyeza tena.

"Swichi ya dishi inataka volti kumi na tatu au kumi na nane," alisema. "Hili linatoa ishirini na nane."

"Lakini skrini inaandika kumi na nane."

"Skrini inaandika kile ambacho chipu imeamrisha. Haijui kinachotoka kwenye waya. Kwa hiyo fundi anaona kumi na nane, anaridhika, kumbe anaichoma swichi. Haifi papo hapo. Inadhoofika, inakufa baada ya siku moja au mbili."

"Alikosea kutengeneza?"

Eva alichomoa waya wa mita. Alifungua boksi kwa bisibisi, akalisogeza chini ya lenzi.

"Hapana. Huyu alikuwa anajua kazi. Tazama hapa, Inspekta. Kuna skrubu ndogo kama punje ya ulezi. Ndiyo inayopanga volti. Fundi akishaipanga, anaifunga kwa tone la rangi ya kucha isije ikalegea. Hapa kuna matone mawili. La chini lilipasuliwa. Mtu akaizungusha skrubu mpaka mwisho wake kabisa, halafu akapaka jingine juu."

"Kwa makusudi."

"Skrubu haijizungushi ikajipaka rangi."

Boksi la pili lilitoa kumi na nane kamili, na tone lake la rangi halikuwa limeguswa. La tatu lilitoa ishirini na nane. Fides aliinamia lenzi kwa muda mrefu. Tone la boksi zima lilikuwa jekundu. Matone ya juu ya yale maboksi mawili yaliyoharibiwa yalikuwa ya zambarau.

"Rangi mbili tofauti," alisema.

"Ndiyo. Hata mimi nimeshangaa. Mtu anaficha alama, kisha anaweka rangi nyingine? Angeandika jina lake kabisa."

Fundi Hezron alikuwa na kibanda chake karibu na stendi, kimejaa ving'amuzi vilivyokufa. Mjini ilijulikana kwamba hakuwa na mapenzi na Aliko. Aliwahi kusimama mbele ya wateja akasema lile boksi ni ulaghai wa betri. Fides na Sajini Yesaya walipoingia, alisimama akaacha kazi.

"Najua mmekuja kwa nini. Mimi na marehemu tulikuwa hatuelewani."

"Uliwahi kulishika boksi lake?"

"Kulishika? Aliko hakunikaribisha kwake hata siku moja. Nililiona mkononi mwake tu."

"Karakana yake umewahi kuingia?"

"Sijawahi. Muulizeni yeyote wa mtaa ule. Ningeingiaje bila Mzee Jairo kunifukuza? Yule mzee alimlinda Aliko kama kuku na kifaranga."

"Ulijua Aliko anataka kuhamia Kitwe."

Hezron alipapasa kidevu. "Nilijua. Yule bwana wa Nakonde aliniomba mimi kwanza nimtengenezee. Nikashindwa. Nikamwambia nenda kwa Aliko."

"Ulimwambia nani mwingine?"

Hezron aliokota waya mezani, akaanza kuukunja.

"Fundi Hezron, mtu amekufa."

"Nilimwambia Mzee Jairo," alisema polepole. "Tulikutana kanisani. Nilikuwa na kijicho changu, sikatai. Nikamwambia, mzee, mwanao anakuacha, anakwenda Kitwe. Akanijibu, 'Najua.' Lakini nilimtazama usoni. Hakuwa anajua. Alishika ukuta kama mtu aliyeteleza."

Ndani ya gari, walipoipita foleni ya malori, Sajini Yesaya alitikisa kichwa.

"Afande, mzee hawezi. Amemlea."

"Karakana ina funguo tatu. Ya Aliko, ya mkewe na ya mzee," Fides alisema. "Na jana, Yesaya, nilisimama mbele ya mzee yule nimevaa sare, vyeo vyangu begani, mchana kweupe. Akaniuliza, nani mwenzangu."

Yesaya aligeuka kumtazama, kisha akarudisha macho barabarani.

Walimkuta Gloria karakanani, amekuja kuchukua nguo za kazi za mumewe ziende Ileje na jeneza. Fides alimwomba aonyeshe rangi ya kucha aliyoitumia Aliko. Gloria alivuta droo ya katikati, ile iliyokuwa kati ya meza mbili.

"Zilikuwa zangu zote mbili. Nyekundu hii ndiyo alipenda. Hii zambarau niliisahau tu humu, hajawahi kuigusa." Aliinua chupa ya zambarau kwenye mwanga. "Lakini mbona imepungua?"

Chupa zilikuwa sawa kwa umbo, kwa urefu, kwa kifuniko. Ukizishika gizani usingezitofautisha.

Fides alimtuma Yesaya kwa Mzee Jairo. Alimwomba Gloria asubiri nje, upande wa duka la jirani. Kisha akaziweka chupa zile mbili juu ya meza ya mzee, zikiwa zimeachana kwa upana wa kiganja, na dirisha lilikuwa wazi.

Mzee Jairo aliingia taratibu, akipapasa ukingo wa mlango, kisha ukingo wa meza. Humu ndani alijua kila kitu kilipo. Alikaa kwenye kiti chake bila kukosea.

"Pole na msiba tena, mzee."

"Asante, mwanangu. Mnaniuliza nini?"

"Aliko alikuwa akifunga skrubu za maboksi yake kwa rangi ya kucha. Mbele yako kuna chupa mbili. Nipatie ile nyekundu."

Mkono wa mzee ulitoka, ukasimama hewani. Ukagusa chupa ya kwanza. Ukagusa ya pili. Vidole vikazunguka vifuniko, vikatafuta tofauti, visiione. Fides alitamani kumwambia basi, aache.

Mzee alichukua chupa, akainyoosha kwake.

"Hii ni zambarau, mzee," Fides alisema.

Mzee Jairo hakuirudisha mezani. Aliendelea kuishika. Nje lori lilipiga honi, mtu akatukana kwa Kibemba, mwingine akacheka.

"Hata ile niliyopaka ilikuwa hiyo?" aliuliza hatimaye.

"Ndiyo."

"Nilidhani nyekundu. Nilinusa zote mbili, zinanuka sawa."

Fides alimpa onyo kama sheria inavyotaka: halazimiki kusema, na akisema, maneno yake yanaweza kutumika mahakamani. Kisha akamuuliza iwapo alitaka ndugu au wakili awepo.

"Ndugu yangu ndiye mnayempeleka Ileje kesho," alisema mzee. "Andika."

Sajini Yesaya alifungua karatasi.

"Macho yangu yalianza kufifia nikiwa bado na nguvu. Ukungu. Kwanza nilianza kusoma namba za mita kwa shida, kisha nikawa nachanganya rangi za nyaya. Aliko ndiye aliyegundua. Hakusema kitu. Siku moja nilikuta kazi ya mteja wangu imeshamalizwa, imewekwa mezani kwangu. Mteja akaja akanisifu mimi. Tangu hapo akawa anafanya hivyo. Anafanya zake, anafanya na zangu, watu wanajua Mzee Jairo bado ni fundi. Hata mkewe hakumwambia."

"Hospitali hukwenda?"

"Ningekwenda, mji wote ungejua fundi haoni. Niliogopa." Alikohoa. "Halafu Hezron akaniambia Aliko anahama. Nikasubiri aniambie mwenyewe. Kila asubuhi ananiamkia, namsikia anavuta pumzi kama anataka kusema, kisha anauliza habari za kifua changu. Nami sikumuuliza."

"Ukafanya nini?"

"Nilijua mahali skrubu ilipo, alinionyesha mwenyewe, alinishikisha kidole changu juu yake. Alipokwenda Nakonde kununua swichi, nilifungua maboksi mawili yaliyokuwa juu ya meza. Nilizungusha skrubu mpaka ikagoma. Nikapaka rangi. Nilitaka yashindwe tu, mwanangu. Yule mfanyabiashara wa kumpeleka Kitwe aambiwe hayafai. Aliko ahuzunike kidogo, kisha arudi kukaa kwenye meza yake hapo. Sikumtakia kingine."

"Swichi za Luka zilipoanza kuungua, ulijua."

"Nilijua."

"Aliko alikuja kukuuliza?"

Mzee aliiweka chupa mezani. Yesaya aliinua macho kutoka kwenye karatasi.

"Alikuja asubuhi ile ile ya kufa kwake. Luka amempigia simu, ana haraka, anatafuta swichi nyingine rafuni. Akanipa boksi. 'Baba, nipimie hili, mita iko kwako. Naona kama ndilo lenye kosa.' Nilichukua mita. Namba zenyewe sizioni, anajua sizioni vizuri, lakini alidhani bado naona kidogo. Sikuwa nimemwambia kwamba sasa naona vivuli tu. Nilijifanya nasoma."

"Ukasemaje?"

"Ukweli ulifika hapa." Aligusa koo. "Ulifika kabisa. Nikafikiri, nikimwambia atajua ni mimi, na ataondoka leo leo, tena kwa hasira. Nikamwambia, 'Liko sawa, mwanangu. Swichi ndizo mbovu.' Akasema asante, baba. Akatoka."



"Mzee," Fides aliuliza, "uliwahi kumwambia tu asiende?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Nimemlea ili afike mbali. Ningemwambiaje tena abaki?" Alinyoosha mikono yote miwili mbele. "Nifungeni. Andikeni nimeua."

"Nitaandika ulichokifanya."

"Nimeua."

"Kuharibu mali kwa makusudi, hilo naweza kuliandika leo. Mengine atasema Mwanasheria wa Serikali. Aliyempiga ni Luka, na Luka atashtakiwa."

"Luka aliambiwa uongo wangu kwa mdomo wa Aliko," alisema mzee. "Hilo sheria inaliitaje?"

Fides aliichukua karatasi kwa Yesaya, akamwongoza mzee kuweka dole gumba.

Jioni hiyo, kabla ya giza, alikwenda mahabusu kwa Luka. Alimweleza kila kitu akiwa amesimama, maana alijua ni haki yake kuelezwa, na alijua pia kwamba hakumfanyia hisani. Luka alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hakuwa ananicheka," alisema.

"Hapana."

"Alikuwa anasema kweli."

"Alikuwa anasema alichoambiwa na mtu aliyemwamini."

Luka aligeukia ukutani, akaweka paji la uso kwenye saruji. "Mama yangu amekwenda msibani kwake na mkono wake ule uliovunjika," alisema. "Wamempokea. Wamempa kiti."

Fides alibaki naye kidogo, kisha akafunga mlango.

Gloria alifika kituoni asubuhi, gari la kubeba jeneza likiwa limesimama barabarani, limefungwa kitambaa cheupe, tayari kwa milima ya Ileje. Alikuwa ameshaambiwa. Hakupiga kelele. Aliomba amwone mzee kabla ya safari.

"Si lazima," Fides alimwambia.

"Najua, dada."

Walimtoa Mzee Jairo kwenye chumba cha maelezo, wakamkalisha kwenye kiti. Alikuwa hajala. Gloria alisimama mlangoni, kanga imekazwa kiunoni, na kwa muda mrefu alimtazama tu mtu aliyesimama upande wa baba siku ya harusi yake.

"Mzee," alisema, "siku ile, kabla hajatoka kwenda kwa Luka, alipita nyumbani kunywa chai. Aliniambia ameamua. Nilimuuliza ameamua nini. Akasema, 'Nitamwambia mzee leo. Akinyamaza, nitajua hataki, na sitakwenda.'"

Mzee Jairo aligeuza uso upande wa mlango.

"Hukuhitaji hata kusema," Gloria alisema. "Ungenyamaza tu."

Akageuka akatoka. Hatua zake zilipotelea ukumbini, na nje mlango wa gari ukafungwa. Sajini Yesaya alisogea akasimama mahali pale mlangoni, kuzuia mtu mwingine asiingie.

Mzee aliinuka kwenye kiti, akanyoosha mikono kuelekea kivuli alichokiona mlangoni.

"Gloria," alisema. "Mwanangu. Usiende kwanza. Nisikilize, mama, kuna neno nataka kukuomba, nikuombe wewe na yeye kabla hamjamfukia. Gloria?"

Yesaya hakujua afanye nini na mikono ile iliyokuwa ikimjia. Alimtazama Inspekta.

Fides alikwenda, akaishika mikono ya mzee, akairudisha chini taratibu.

"Huyo ni Sajini Yesaya, mzee," alisema. "Gloria ameshaondoka."